Daktari wa Mbeya Ameuliza Nani Ananiona

Jumapili, Shanwe. Joto la kusubiri mvua. Mawingu yanapita juu ya Mpanda na kwenda zao. Moyo uko kawaida tu. Nimekunywa dawa, nimekaa kwenye kiti cha cherehani kwa sababu ndicho kiti pekee humu ndani chenye mgongo.

Wengi mnaniuliza nimefikia wapi na daktari. Niandike basi ilivyokuwa.

Nina kifafa. Nilishasema humu, na baadhi ya wateja wakahamia kwa fundi wa jirani. Sawa, tuendelee. Dawa za kliniki ya hapa nakunywa bila kuruka na bado naanguka. Miezi ya nyuma niliangukia pasi ya mkaa. Kovu liko mkononi, lina umbo la ncha ya pasi kabisa. Tangu hapo mama yangu, ambaye kwetu Wasukuma tunamwita mayu, ameacha mpunga wake Majimoto amehamia kwangu. Mimi nashona, yeye anapiga pasi. Anapiga vibaya. Sketi za shule zenye marinda zinatoka kama zimelaliwa.

Ninachotaka si kikubwa. Nataka kupiga pasi nguo nilizoshona mwenyewe.

Nesi wa kliniki ndiye aliyenieleza ukweli: dawa walizonazo nimeshazizunguka zote, sasa nitafute daktari bingwa wa mishipa ya fahamu. Hapa kwetu sijampata, kwa hiyo ni kusafiri.

Mjomba yuko Mwanza, akanitafutia wa Mwanza. Sifa aliyompa ni kwamba ana ghorofa. Kulala ningelala kwa mjomba, chakula ningekula kwa mjomba. Nikapiga simu, dada wa mapokezi akaniuliza jina, umri na siku nitakayofika. Hakuna kibaya alichosema. Nikaandika pembeni kwamba huyu anafaa.

Nesi naye akanipa namba ya daktari mwingine, wa Mbeya. Mbeya sina ndugu, sina hata wa kumsalimia. Huyu alipokea mwenyewe, sauti ya chini. Hakuniuliza nakunywa dawa gani. Aliuliza, "Ukianguka, nani anakuona?"

Nikasema mayu. Akaomba aongee naye. Akamuuliza kichwa kinageukia wapi, mkono gani unaanza, macho yanakuwa wazi au yamefumba. Mayu akajibu, "Sijui, daktari. Huwa namfunika."

Ndivyo ilivyo. Tangu nikiwa binti, nikianguka, mwanamke wa karibu anavua kitenge chake cha juu ananifunika kichwa hadi miguu, na wengine wanasimama kunizunguka wakiwa wamenipa mgongo. Anayechungulia anasemwa kijiji kizima. Ni heshima ile, na nimeishukuru miaka yote. Lakini matokeo yake ni kwamba katika ukoo wangu hakuna hata mtu mmoja anayejua ugonjwa wangu unafananaje. Mimi mwenyewe nikiwemo.

Daktari hakugomba. Alieleza taratibu kwamba kinachoanzia upande mmoja na kinachoanza mwili mzima kwa pamoja havitibiwi sawa, na huenda dawa zangu zimekuwa zikipiga pasipo na ugonjwa. Akaomba siku nyingine mayu anilaze ubavu, asinifunike, anirekodi kwa simu.

Nilichagua Mbeya palepale. Mjomba amenuna mpaka leo.

Kumbe kuchagua ilikuwa kazi nyepesi. Mayu aligoma. "Nikupige picha uko chini na povu mdomoni? Mimi ni mama yako au ni mwandishi wa habari?" Nikamwambia nimechoka kufunikwa. Akaendelea kuharibu marinda. Siku kadhaa tuliongea mambo ya chumvi na maji tu.

Ijumaa nilianguka.

Siku zote nazinduka kwenye giza la kitenge na harufu yake ya moshi na sabuni. Safari hii nilifumbua macho nikaona mabati. Kitenge kilikuwa bado kiunoni kwa mayu. Akanipa simu yake, akatoka kulisha kuku.

Sikuitazama siku ile. Nimeitazama jana. Ni mwanamke wa kawaida, ana gauni la bluu, anashona. Mkono wake wa kushoto unaacha kitambaa, vidole vinaanza kuchezacheza kama anachambua mchele. Halafu mdomo unavutwa kushoto, kichwa kinafuata, halafu mwili wote. Mkono wa mayu unaingia kwenye picha, unaondoa mkasi, unamlaza yule mwanamke ubavu. Simu inatetemeka mwanzo mpaka mwisho lakini haigeuki pembeni. Sauti inasikika ikirudia, "Nipo, mayu. Nakuangalia." Hivyo ndivyo mama wa kwetu anavyomwita binti yake mdogo. Mimi hajaniita hivyo tangu nilipoolewa na kuachika.

Nikajiuliza aliwahije kunasa mwanzo. Nikafungua video nyingine. Ziko nyingi, zimeanza siku zilezile tulizokuwa tumenuniana. Zote ni mimi nashona na hakuna kinachotokea. Kila nilipositisha mkono kidogo, alikuwa akiwasha simu.

Simu yake imejaa, inagoma hata kupokea ujumbe. Nilitaka kuzifuta ipumue. Sijazifuta.

Nililia, niseme ukweli, si sana.

Daktari ameiona ile ya Ijumaa. Amejibu kwa kifupi kwamba inaonekana inaanzia upande mmoja, kuna dawa ambayo sijawahi kuijaribu, anataka anipime kwanza. Halafu akaongeza kwamba aliyerekodi aje pia. Mayu kasomewa ujumbe huo, akanitaka nirudie pale mwishoni.

Tunaondoka kesho na basi la alfajiri. Amekikunja kile kitenge juu kabisa ya begi, pale ambapo mkono unafika haraka. Nimemwambia safari hii ni cha kujifunika yeye. Mbeya kuna baridi.