Kule Chini Hatujengi

Ndosho, Goma
9 Agosti 2024

Mpendwa Papa mudogo Cirimwami,

Unisamehe. Tangu Pasaka unauliza kwa nini hatujaanza kujenga, na mimi nimenyamaza. Mutoto anakesha, muchana kuna kazi, na jambo lenyewe si la kusema kwa simu. Habari ya Kalemie? Kifua chako kimetulia? Mama mudogo Mwavita angali analima? Sisi tuko, Mungu anasaidia. Aubin, bwana yangu, ni muzima. Cubaka, aliyechukua jina la baba yako, ameanza kutambaa.

Papa, nikueleze kiwanja chako cha Lac Vert, maana tangu uhame hujakiona. Ukisimama juu, pale kwenye sehemu ya mawe uliyojiwekea kwa nyumba ya uzee wako, unaona milima ya zamani nyuma ya Sake, ile Mitumba. Shuleni walitufundisha kuwa mugongo wake unashuka mpaka huko kwenu, na mawe yake yalipoa kabla hakujawa na mutu wa kuyaona. Ile imenyamaza. Upande mwingine ni Nyiragongo, mulima mutoto, tumbo lake bado linawaka. Katikati yao udongo unapasuka polepole, na kwenye nyufa inatoka hewa nzito isiyo na rangi. Huku wanaiita mazuku.

Bondeni, ulikotuonyesha tujenge, panavutia. Udongo laini, migomba imestawi, upepo haufiki. Lakini hakuna chura anayelia, wala nyenje.

Asubuhi moja nilienda kulima kabla jua halijapanda. Nikakuta mbuzi wa jirani amesimama kwenye majani, anatafuna, ananiangalia. Miguuni pake mwanawe amelala. Nikasema, amechoka huyu. Nikatandika kitenge, nikamuketisha Cubaka, nikaanza kupalilia.

“Mama Cubaka! Inua mutoto!” Alikuwa Mama Katungu, jirani, anapiga kelele toka juu. “Mubebe, panda! Hapo ni kitanda cha nani unapomulaza?”

Nilimubeba nikakimbia. Kichwa chake kilikuwa kinalegea begani kwangu. Tulipofika kwenye mawe akalia, na sijawahi kufurahia kilio vile.

Mama Katungu akawasha mushumaa ndani ya kopo, akaushusha bondeni kwa kamba, kama wanavyofanya wenyeji wa huku. Ulipokaribia majani ukazimika, kama kuna mutu ameupuliza.

“Umeona? Wewe mukubwa unapumua juu ya mazuku. Mutoto anazama.”

Nikamutazama tena yule mbuzi. Alikuwa bado anatafuna, anangojea mwanawe aamke.

Papa, ninakuheshimu, lakini mutoto wangu hatalala kule chini. Aubin anaogopa: anasema tukijenga juu bila neno lako, tumekunyang'anya uzee wako. Basi tugawie huko juu kwenye mawe yako. Chumba chako tutakianza sisi wenyewe, dirisha litazame Mitumba. Bonde tuiachie migomba.

Musalimie Mama mudogo, na wadogo zangu, Gentil, na Miriam kama amerudi. Mungu aweke mukono wake kifuani kwako upumue vizuri.

Ni mimi mutoto wako, ninayekupenda hata ninapokukatalia,
Joviale

Vitu ninavyohitaji bado: ndakala kavu, zile samaki ndogo za ziwa la huko, ukipata musafiri. Chandarua cha mutoto. Na neno lako: “Jengeni juu.” Ndakala na chandarua vinaweza kungoja. Neno lisingoje, Papa. Kila siku Cubaka anatambaa mbali kidogo kuliko jana.