Karatasi ya Wambui

Jumanne jioni, Molo

Bado nina hasira. Jana nilikaa karibu saa mbili nikimwandikia mwanafunzi wangu Wambui mtihani wa hesabu kwa maandishi makubwa, kwa sababu macho yake hayaoni yale madogo. Leo deputi, naibu wa mwalimu mkuu, ndiye alisimamia darasa langu, mimi nikisimamia darasa la sita, na ile karatasi akaifungia kwenye droo.

"Mwalimu, mtihani ni mmoja," aliniambia. "Ukipendelea huyu, wazazi wa wengine watasema nini?"

Kumpendelea! Maswali ni yale yale.

Wambui alipewa karatasi ya kawaida. Aliandika jina lake tu, kisha akaiinamia mpaka kengele ikalia. Nilimkuta nje ya darasa.

"Ticha, nilikukosea nini?" aliniuliza. "Si ulisema utaniandikia?"

Alidhani ni mimi nimemgeuka. Hilo linaniuma kuliko sifuri yenyewe.

Nilimshika mkono hadi ofisi ya walimu, nikamwomba deputi ile karatasi, na Wambui akaifanya hapo mbele yake. Nikaisahihisha papo hapo: kumi na sita kwa ishirini. Deputi aliiangalia kidogo tu. Akasema muda wa mtihani umeisha, alama ni ile ya asubuhi.

Naogopa, kusema kweli. Mimi bado ni mwalimu wa mkataba, na yeye ndiye ataandika ripoti yangu, na nikikosa hii kazi...

Lakini fomu ya alama ni mimi najaza. Nimeandika kumi na sita, na nimeweka sahihi yangu.