Baba Mkwe Anataka Besi Isikike Ng'ambo ya Bonde

Shangazi Kokwijuka, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa Kamuli, Kyerwa, napiga gitaa la besi katika kwaya ya usharika wetu wa Kilutheri, na nimeona nikuandikie wewe kwa sababu hapa nyumbani kila ninayemweleza jambo hili anacheka kwanza, na mimi kwa sasa sina hali ya kuchekwa.

Kwaya yetu ilipata amplifaya mpya ya besi kutoka kwa ndugu zetu walioko Bukoba, lakini ilikuja peke yake bila maboksi ya spika, kwa hiyo kikao kikasema mpigaji ndiye achague, na hapo ndipo nilipoingia matatani, maana mwenyekiti wa kamati ya vyombo ni Mzee Apolinary, na Mzee Apolinary ndiye baba wa Vero, binti ninayetarajia kumuoa msimu wa kahawa ukiisha, posa imepokelewa na rubisi, pombe yetu ya ndizi, imenywewa, na Shangazi unajua kwetu mtu habishani na baba mkwe kabla hajakabidhiwa binti, na akishakabidhiwa anabishana kwa uangalifu.

Sasa Mzee anataka maboksi mawili ya watu wa disko wa Rugu, kila moja lina spika moja ya inchi kumi na nane, likisimama linamfika mchungaji kifuani, na mwalimu wetu wa kwaya, Mama Jovitha, anataka boksi moja dogo lenye spika mbili za inchi kumi, anasema kwa kanisa letu hilo linatosha na kubaki, na mimi asubuhi nilimwambia Mzee ndiyo, jioni nikamwambia Mama Jovitha ndiyo, kila mmoja akaenda kwake amefurahi.

Jumapili ya mavuno yale makubwa yakaletwa kwa majaribio kutoka nyumbani kwa Mzee, aliyekwisha kuyaazima. Mzee hakuingia ibadani, alivuka bonde akaenda kusimama kwenye migomba iliyo karibu na kigango cha Wakatoliki ili asikilize kutokea kule, kwa sababu kwake yeye spika huchaguliwa kama ngoma, unapima inafika wapi, akarudi karibu na baraka, jasho linamtoka, akanishika mkono mbele ya watu akasema, "Mwanangu, katekista wao ametoka nje kuuliza kwetu kuna nini. Hayo ndiyo maboksi."

Lakini huku ndani, Shangazi, mabati yalitetemeka mpaka vumbi likaanguka kwenye majoho ya sauti ya kwanza, na wakati wa mnada wa mavuno tulipiga kidogo kuchangamsha, wazee wakawa wanatikisa vichwa kufuata besi, mnadi akadhani wanakubali bei, Mzee Cassian akarudi nyumbani na jogoo ambaye hakumtaka. Vero alisimama kuimba peke yake, jambo aliloliandaa kwa muda mrefu, na watu waliona midomo yake ikienda tu. Tulipotoka akaniambia, "Novatus, kama unataka kuoa maboksi, mwambie baba akukabidhi hayo, tayari yanalala nyumbani kwetu." Tangu hapo hapokei simu yangu, na shangazi zake wameanza kuulizana kama posa inaweza kurudishwa.

Na nikuambie ukweli, yale maboksi yalipokuwa yanapiga nilijisikia mtu. Watu wanamjua mpiga kinanda, wanamjua mpiga solo, ila mimi hata mama aliwahi kuniuliza huwa nashika nini pale mbele. Sasa kamati inakutana Jumamosi, nichague maboksi yapi ili Mzee asinune, Vero arudi, na besi isikike?

Novatus, Kamuli

*

Marahaba, Novatus. Nisamehe, na mimi nimecheka, hasa kwa ajili ya Mzee Cassian. Nimemaliza, sasa tuseme kweli.

Chukua boksi dogo. Kanisa la mabati lisilo na dari ukiliwekea spika za disko, sauti nzito inazunguka ndani mpaka hakuna anayejua noti ipi ni ipi, wewe mwenyewe ukiwemo. Spika mbili za inchi kumi zitakupa besi inayoeleweka. Kabla ya kulibeba, soma nyuma ya amplifaya uone inaruhusu ukinzani wa spika ushuke mpaka ohm ngapi. Ikiwa ni nne, boksi la ohm nane linafaa, na siku mkijaliwa mtaongeza la pili la nane. La tatu usiunganishe, utaunguza chombo cha watu. Hakikisha pia boksi linahimili wati za amplifaya hiyo. Liweke juu ya benchi, mbali na kona, likuelekee mgongoni ili ujisikie bila kuwapasua wengine. Na usilijaribu peke yake, kwa sababu peke yake kila spika ni tamu. Mpe mwenzako gitaa, kwaya nzima iimbe, wewe kasimame katikati ya mabenchi.

Mzee Apolinary usibishane naye, hapo nakubaliana nawe. Lakini una mshenga, waitu mwanangu, na kazi yake haijaisha mpaka harusi ipite. Mtume kabla ya Jumamosi akamwombe Mzee, kwa heshima zote, siku ya majaribio ya pili akae benchi la mbele. Kwaya inayopimwa kwa katekista wa wenzenu, basi na sadaka ikaombwe kule kule. Mama Jovitha kamwendee mwenyewe, umwambie ulimkubalia yeye na Mzee siku moja. Adabu ya namna hiyo ni uongo uliovaa kanzu, na kama ndivyo utakavyoendesha nyumba, heri shangazi za Vero waendelee kuulizana.

Hiyo hamu yako ya kusikika naielewa, nayo inauma, hasa mama mzazi anapouliza unashika nini. Sikuchukii kwa hilo. Ila umeniuliza mambo matatu, na Vero umemweka katikati ya baba mkwe na besi, kama kifaa kingine cha kununuliwa.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Umeniandikia inchi za spika, urefu wa maboksi, vumbi la mabati na jogoo wa watu. Vero alisimama mbele ya usharika mzima, wewe ukiwa hatua chache nyuma yake, na hukuniandikia aliimba wimbo gani. Leo usimpigie simu. Nenda kwao, umuulize, na akikubali kukuimbia, gitaa liache nyumbani.