Eti Kalala

"Mtoto mchanga hasikii maumivu! Wewe umemaliza shule juzi, unajua nini?" Mjomba ananifokea hivyo, kaka, mbele ya watu!

Asubuhi kaleta kinyozi wake, kamtahiri mtoto wa dada palepale sebuleni. Eti kalia kidogo tu, dume hilo.

Kaka, nepi ya tatu hii imelowa damu. Ya TATU. Washa pikipiki uje, tunaenda hospitali.

Nikauliza mbona hanyonyi. Mjomba kadakia, "Kalala, mwacheni apone."

Nikamfinya mtoto unyayo. Hakushtuka. Nikamfinya tena. Kimya.

Nikasema twende hospitali. Mjomba kaja juu, "Mkitoka na huyo mtoto, msirudi kwangu!"

Dada kavaa ndala, kanipa mtoto. Tukatoka, nikafunga mlango. Tuko nje, tunakusubiri.