Wanamtazama Binti Yangu, Mazoezi Hawayaoni

Mpendwa mshauri, nakusalimu kwa jina la Mungu, unipokee na uchovu wangu. Mimi ni fundi cherehani, mama mtu mzima, na kifungua mimba wangu ndiye yule dada anayeongoza mazoezi ya viungo kwenye televisheni asubuhi, alikuwa mkimbiaji mpaka goti likamharibikia, akasomea kunyoosha watu migongo, kazi ya halali kabisa, nikashukuru. Nguo zake nashona mimi, na kila akija analeta agizo la bosi wake, mama punguza hapa, mama bana pale, nami nabana, mpaka juzi kaptura ikarudi tena nikamwambia mwanangu, hapa hakuna kitambaa cha kukunja, akacheka akasema, "Mama, ukikataa watampa fundi mwingine, na huyo hana huruma." Dukani kwangu wateja wanaume wanavuta viti kipindi kikianza, mwenye kitambi kuliko wote anasema, "Fundi, haya mazoezi yananisaidia sana," wala hajanyanyua hata mkono, wenzake wanacheka, hawajui ni mwanangu, nami nainamia cherehani kana kwamba uzi umekatika. Nyumbani mzee wangu, baba yake, huondoka sebuleni kipindi kikianza. Kwenye ibada siku hizi nakaa nyuma. Nikikataa kushona nitakuwa nimemtupa, nikishona ni mikono hii hii ninayoinua kuomba ndiyo inayomvua nguo. Nifanyeje?

Fundi Niliyechoka

Pole, mama fundi. Umebeba aibu isiyo yako. Wenye nayo wamekalia viti vyako, na mmoja yuko ofisini anaagiza mkasi. Ila nawe umenieleza ya bosi, ya wateja, ya mzee, mpaka ya ibadani. Ya binti yako yako wapi? Alicheka, ukaishia hapo. Hukumuuliza kama kile ni kicheko au ni kuchoka kama kwako.

Kipindi chake nakijua. Nina mgongo mbovu, nikatandika mkeka nimfuate. Akasema, "Mguu nyuma, kisigino chini." Nikatafuta kisigino, kamera imeganda kiunoni. Nikabaki nimeng'ang'ania kabati. Mwanao anafundisha vizuri, sisi ndio tunanyimwa kuona. Hata ukimshonea kanzu, kamera hiyo itatafuta pa kuchungulia.

Kwa hiyo kaptura usiiguse tena. Kesho asubuhi usikubali mtu avute kiti. Sema wazi, "Huyu ni binti yangu, anayetaka kumtazama asimame anyooshe mikono." Asiyetaka achukue suruali aliyoleta kushonwa, aende zake. Kisha simama wewe, umfuate mwanzo mpaka mwisho. Hujawahi, ungewahi ungeniandikia kuhusu kisigino. Akija, mketishe umuulize anataka nini. Akitaka kuacha, mpokee bila lawama. Akitaka kubaki, mfuatane kwa bosi, mkadai miguu ionekane, na urefu wa nguo aamue mwenye mwili.

Na mgongo ukikuuma siku ya kwanza, usikate tamaa. Mtoto huyo alikua akiutazama mgongo wako umeinama kwenye cherehani. Unadhani migongo aliisomea kwa ajili ya nani?