Aliyesimama wa Pili

Kamwene, mjukuu wangu Tumaini. Huku baridi imetubana, ila babu yako ameanza tena kutembea bila fimbo.

Umeniuliza kama nakuruhusu upeleke jina langu kwenye ile nishani ya taifa ya watetezi wa demokrasia, kwa sababu ya ule mkutano wa kijiji. Mwenyekiti alitaka kumpa mfanyabiashara bonde la vinyungu, tunakolima mboga wakati wa kiangazi. Akasema anayekataa asimame. Wakati ule mke mgeni alikuwa hasimami mbele ya wakwe. Nikasimama. Babu yako akaangalia chini. Mwenyekiti akacheka: "Huyo kaolewa juzi tu. Tuendelee."

Ndipo mama mkwe wangu, ambaye tulikuwa hatusemezani tangu mavuno, akashika bega langu akainuka. "Na mimi je, nimeolewa juzi?"

Wanawake wote wakainuka. Bonde tunalilima mpaka leo.

Kwa hiyo peleka, lakini jina lake litangulie. Mimi nilisimama kwa hasira. Yeye alisimama upande wa mtu asiyempenda.

Bibi yako,
Kijijini Igowole