Étienne Kapewa Kazi Yangu

Shoga, upo? Ndiyo natoka kwenye ule usaili wa Daegu, huku Korea.

Nimenyimwa kazi ya kufundisha Kiingereza. Mimi! Niliyezaliwa Winnipeg, ninayeota kwa Kiingereza!

Bi Pyo, mwenye kituo cha tuisheni, kanikazia macho: "Unatoka wapi?" Nikamwambia Winnipeg, Kanada. "Sawa, lakini unatoka wapi HASA?"

Halafu akamgeukia karani wake kwa Kikorea, akidhani sielewi: "Wazazi hawatoi pesa zao ili mtoto afundishwe na mtu anayefanana na shangazi yake."

ANAYEFANANA NA SHANGAZI YAKE, shoga. Kikorea nimelelewa nacho na bibi yangu Mkorea, nimesikia kila neno.

Sasa kaa chini kwanza. Étienne alikuja kunisindikiza tu, kakaa mlangoni kanishikia mwavuli. Étienne wetu wa Kebeki, mtu wa Kifaransa toka utotoni, na Kiingereza chake unakijua! Bi Pyo kuona tu zile nywele za njano, akainuka: "Na huyu kijana mzuri, je? Anataka kazi?"

Étienne akamjibu kwa Kiingereza chake kilekile: "Mimi iko na njaa kwanza."

Bi Pyo akapiga makofi. "Lafudhi safi kabisa!"

Anaanza Jumatatu. Nakwambia ANAANZA JUMATATU.

Na sasa hivi kaniandikia, eti nimsaidie kuandaa somo la kwanza. Unajua somo lenyewe linaitwaje?

"Unatoka wapi?"